Mtende Si Mnazi

Mwanangu, ipo siku moja kule Umm Salal, nje ya Doha, ninayoikumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Wewe, mtoto wa ndugu yangu, umeshuka Doha juzi tu, na jana nimekusikia ukimwambia msimamizi wako kwamba kazi ya ulinzi unaijua tangu nyumbani, hutaki kufundishwa. Kaa hapa, kula tende, nikupe kisa.

Nilikuwa kijana wa Kilifi, mtoto wa mgema. Nimekwea minazi kabla sijajua kusoma. Nilipoajiriwa kwenye shamba la mitende nikawa najigamba kwa wenzangu kwamba hakuna mti wa aina hiyo unaoweza kunificha kitu. Ujana una mdomo mpana.

Shambani palikuwa na mtende uliopandwa na baba wa mwenye shamba, siku aliyozaliwa mwanawe huyo. Mzee alikuwa amekwisha kufariki, na mjane wake, tuliyemwita Ummi, aliupenda mtende ule kama mtu. Basi ukaanza kunyong'onyea, matawi ya katikati yakalala upande. Mwanawe akataka ukatwe kabla haujaambukiza mingine. Ummi akakataa usiguswe mpaka ujulikane unaumwa nini. Nami, bila kuulizwa, nikajitosa: "Niachieni mimi. Huyo ni chonga."

Chonga unamjua, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Babu yako alikuwa akimchokoa kwa waya wenye ndoana. Nikatengeneza waya kama wake, nikapanda. Miiba ikanichana mikono, na mnazi hauna miiba. Hilo peke yake lingetosha kunionya. Nikachokoa kilele chote, chonga hayupo. Nikiwa bado nimelikumbatia shina, pua yangu ikapata harufu ya tembo la mnazi lililochacha. Nikacheka peke yangu, nikidhani ni hamu ya nyumbani.

Chini, Ummi alikuwa amebandika sikio kwenye shina.

"Kazungu! Yalla, shuka! Mwizi yuko jikoni, wewe wamtafuta darini?"

"Ummi, mtende na mnazi ni ndugu," nikajitetea kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

"Ndugu hawaugui ugonjwa mmoja. Huo mnazi wenu huzaa watoto miguuni?"

Akanionyesha machipukizi yaliyozunguka shina, na kidonda pale moja lilipokatwa. Majimaji ya kahawia yalikuwa yakivuja, yakinuka lile lile tembo, pamoja na nyuzi zilizotafunwa. Akanivuta niweke sikio. Wallahi nikawasikia mabuu wakitafuna humo ndani. Waarabu humwita susa: mdudu mwekundu mwenye mkonga, hutaga mayai kwenye kidonda, na watoto wake wakaula mti kutoka ndani. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamweleza Ummi habari ya ile harufu.

Akaniuliza: "Ulikuja na pua hiyo, ukaenda kuchukua waya?"

Ule mtende haukupona, moyo wake ulikuwa umekwisha kuliwa. Ummi mwenyewe ndiye aliyeamuru ukatwe na kuchomwa moto. Alilia bila kujificha, na mimi nililia naye, maana nilikuwa nimeupenda ule mti kwa ajili yake. Kesho yake akaniita tupite mtende kwa mtende, yeye asikilize, mimi ninuse. Tukaikuta miwili iliyoanza kuvuja kidogo tu, ikapigwa sindano ya dawa ndani ya shina, ikapona. Tangu siku hiyo hakuna anayenipita kwa kumjua susa, nalisema bila haya.

Basi, mwanangu, kabla hujatoa dawa, ujue jina la mti na jina la mdudu wake. Lango la huku si lango la Kilifi, na wezi wake hawaingilii mlango ule ule. Kuuliza si ujinga. Lakini usinielewe vibaya: sisemi uyatupe ya nyumbani. Waya wa babu yako haukunifaa, pua yake ilinifaa. Kazi yako ni kujua lipi la kuacha na lipi la kushika.

Mungu akupe masikio ya Ummi, aifungue pua yako, na akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima. Tende hiyo uliyonayo mkononi imetoka kwenye mmoja wa ile mitende miwili.