Jicho Lisilojua Siku ya Kliniki

Dawa ya macho haiishii machoni. Ukidondoshewa tone, ukafumba na kungoja, baada ya muda utaionja kooni, chungu, kana kwamba umetafuna mwarobaini. Hadi leo nikiisikia ladha hiyo narudi Nunguni nikiwa darasa la tano, nimevaa sweta la shule juu ya sweta jingine. Maana Nunguni, msomaji wangu, si ile Ukambani ya jua na vumbi mnayoidhania. Nunguni ni kilimani. Mwezi wa Julai ukungu hushuka asubuhi ukampoteza ng'ombe ambaye kamba yake umeishika mkononi.

Sasa mtoto wa mahali kama hapo akiamka na kusema anaona ukungu, nani atashtuka? Nilimwambia Susu, nyanya yangu, akanijibu kwamba hata yeye anauona na kwamba kuni hazitajileta jikoni. Nilimwambia mwalimu sioni ubao, akafungua dirisha, akatazama nje, akasema hakuna anayeona. Nikaishi na ukungu wangu siku kadhaa, nikiamini ndio ule ule wa kila mtu.

Aliyegundua ni mama, ambaye sisi humwita Mwaitu. Mchana mmoja jua lilitoka, akanituma mboga za sukuma shambani, nami nikalalamika tena juu ya ukungu. Akanisimamisha mlangoni, akanifunika jicho la kushoto kwa kiganja na kuniuliza naona nini. Nikamhesabia miche ya sukuma. Akafunika la kulia. Niliona kijani kitupu. Kesho yake jicho likawa jekundu, mwanga ukawa unachoma, nikawa nakaa nyuma ya mlango nimejitanda leso ya Susu kichwani. Baada ya wiki hivi jicho likatakata lenyewe. Miezi ikapita, likaja tena. Lilikuwa halipigi hodi wala haliagi.

Tulijaribu kila kitu. Susu alimwita jirani aliyekuwa ananyonyesha, akanikamulia maziwa jichoni, na kitoto chake kikanitazama kwa chuki ambayo sijaisahau. Tulishuka pia hospitali moja huko bondeni, ambako daktari wa macho alikuwa na kliniki kila Jumatano. Lakini jicho langu lilipenda kuanza baada ya Jumatano, na mvua ikinyesha barabara ya kuteremka ilikuwa haipitiki. Tulipofika kwake, lilikuwa safi. Mara ya kwanza akatupa dawa ya vumbi. Mara ya pili akasema nivae miwani. Mara ya tatu alimwambia Mwaitu kwa adabu kwamba watoto wana njia nyingi za kukwepa shule. Mimi nilikuwa naipenda shule. Nilitamani kumuuma mkono.

Palibaki kanisa. Pasta aliniwekea mikono, akinamama wakafunga kula, na jicho likapona. Mnaelewa shida ilivyokuwa? Ugonjwa unaoondoka wenyewe hujibu kila maombi. Jumapili iliyofuata niliitwa mbele nitoe ushuhuda. Nikasema, "Bwana asifiwe, nilikuwa sioni na sasa naona," na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Baada ya ibada nilinunuliwa soda. Nisiwadanganye, niliifurahia. Likarudi, likaombewa, likapona, nikatoa ushuhuda tena. Liliporudi mara nyingine vigelegele vilikuwa vichache, na watoto wa shule ya Jumapili wakaanza kuniita Nduku wa Ushuhuda.

Kisha Pasta akaja nyumbani. Alikunywa chai taratibu, akasema kwa upole kwamba uponyaji ukipotea hivi, kuna mlango ulioachwa wazi katika nyumba. Mwaitu akauliza ni mlango gani. Pasta akasema hilo ni la kujichunguza, na kwamba mpaka ujulikane ingefaa Mwaitu apumzike kidogo kuongoza kikundi cha akinamama. Mwaitu alikuwa amekiongoza kikundi kile tangu nikiwa mgongoni. Alimsindikiza mgeni hadi barabarani kama inavyotakiwa, akarudi, akaosha vikombe kwa kishindo.

Jicho lilipopona tena, Pasta aliniita mbele. Nilikuwa nimeshainuka. Mwaitu akanishika sweta nyuma akanikalisha, akasimama yeye. Hakupandisha sauti.

"Pasta, hatutoi ushuhuda mpaka tujue tumepona nini."

Mpiga kinanda alianza wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba.

Wiki hiyo tulihama. Mwaitu alikuwa na mdogo wake, Kavata, aliyeuza chakula karibu na lango la hospitali ile ya bondeni. Tukafika na mfuko wa nguo na kuku. Mama mdogo Kavata akauliza tutakaa mpaka lini. Mwaitu akasema mpaka jicho liamke. Kama jicho linamkimbia daktari, basi sisi tutalala mlangoni pake, na siku litakapofumbua mdomo litaongea naye uso kwa uso. Jicho kuwa na mdomo lilimchekesha mama mdogo, lakini alitupa godoro.

Tukangoja. Mwaitu alipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ambayo Mkamba haoni kama ameshiba bila kuyala, nami nikachambua maharagwe kwenye ungo. Kule chini kulikuwa na joto, nikavua masweta yote mawili. Kila asubuhi alinivuta mlangoni akalichungulia jicho namna mtu anavyochungulia maziwa kama yameganda. Lilikuwa jeupe. Alikuwa ananuna siku nzima kwa sababu mtoto wake ni mzima. Na katika maombi ya asubuhi nilimsikia kwa masikio yangu akimwomba Mungu ailete ile taabu, ailete upesi, ailete mchana kweupe watu waione. Mama mdogo alifumbua macho katikati ya maombi.

"Dada, hiyo maombi utaijibu mwenyewe," akamwambia.

"Nitaijibu," Mwaitu akasema, akaendelea kuomba.

Niliogopa sana siku zile, niwaambieni ukweli. Sikuogopa upofu, kwa sababu mtoto hajui upofu. Niliogopa jicho lisipoamka tena. Ningekuwa mwongo wa Pasta, mwongo wa daktari na mwongo wa mwalimu, na Mwaitu angekuwa amepoteza kikundi chake kwa ajili ya mwongo.

Liliamka Ijumaa moja. Nilifungua mlango, mwanga ukanichoma, nikasimama palepale nimelifunika. Nikasema, "Mwaitu, limekuja." Aliniondoa mkono akatazama, akasema asante Yesu, na kunishika kiwiko. Tulivuka barabara yeye akiwa na mwiko mkononi.

Askari wa lango alisema macho ni Jumatano. Mwaitu alipita. Muuguzi akasema daktari yupo lakini anaandika ripoti. Mwaitu akaketi kwenye kizingiti cha chumba chake, akanipakata nilivyokuwa mkubwa vile, asiweze kutoka mtu wala kuingia. Daktari alipokuja mlangoni alitutambua, na usoni nikaona amechoka nasi.

"Mama, rudi Jumatano."

"Hii macho haijui Jumatano yenu, daktari. Imeamka leo, na leo utaiangalia."

Aliutazama mwiko, kisha akanitazama mimi. Aliniweka kidevu kwenye ile mashine yao, akawasha taa nyembamba iliyonitoa machozi. Akasogeza kiti, akaangalia tena. Akanitia tone chungu, tukangoja, akaangalia mara nyingine. Kisha akamwita Mwaitu ainame atazame mwenyewe. Mboni yangu, ambayo ingepaswa kufunguka duara, ilikuwa imechanikachanika pembeni, kwa sababu ilikuwa imeanza kunata ndani.

Alituambia ni uvimbe wa ndani ya jicho. Huja na kuondoka, na kila ukija huacha alama. Angeufuata kwa dawa tangu siku hiyo, tena ilikuwa bado mapema ya kutosha kuliokoa jicho. Mwaitu akauliza unaletwa na nini. Tulipimwa damu, tukapigwa picha ya kifua, tukapelekwa hadi Nairobi, na kila mahali tukajibiwa kwamba chanzo hakionekani. Lakini siku ile ya Ijumaa daktari aliinama akaniambia mimi, si mama yangu, kwamba nilikuwa nasema kweli. Nililia kuliko nilivyowahi kulia kwa maumivu.

Tulirudi Nunguni. Jumapili, wakati wa shuhuda, Mwaitu alisimama bila kuitwa, akanisimamisha kando yake.

"Bwana asifiwe. Mimi niko na ushuhuda. Mtoto wangu Nduku ni mgonjwa. Ugonjwa iko na jina, lakini penye imetoka hakuna mtu anajua, hata daktari. Itarudi. Ikirudi, sitaki mtu amuulize amekosea Mungu wapi, na sitaki kuulizwa mlango."

Hakuna aliyejua kama apige makofi au vipi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema lolote kuhusu mama anayeyatangaza kwenye kipaza sauti. Kikundi hawakumrudishia mwaka ule, na hakwenda kukiomba. Kanisani aliendelea kwenda, benchi la mbele, miguu imenyooka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile aliniaibisha. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, baada ya kukaa mbele ya madaktari wengi walioniambia hawaoni kitu, na kujikuta kila mara nikitaka kuwaomba radhi. Mwaitu alikuwa amewajibu wote kabla sijakutana nao. Alisema mbele ya watu kwamba mtu anaweza kuugua bila kosa na bila sababu, na bado aaminiwe.

Mwezi uliopita jicho liliamka siku ya mkutano mkubwa kazini. Nilimpigia mkubwa wangu simu nikamwambia mimi ni mgonjwa, siji. Akauliza tatizo hasa ni nini, na limeletwa na nini. Nikamwambia halijulikani, nikakata simu, nikaenda kutia dawa.