Katani Mikononi mwa Mdogo Wangu

Miaka ya tisini, walimu wa shule za msingi tuliitwa semina pale Emali. Mtaalamu kutoka Nairobi alipanga mezani karai la mchanga, bakuli la maharagwe, vipande vya gunia na kamba. Akatueleza kwamba kuna watoto wasioweza kutulia wala kushika masomo mpaka mikono yao ipate kitu cha kugusa. Hiyo, akasema, ni tiba ya kuchangamsha milango ya fahamu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje kwa hasira, kwa sababu mama yangu aliyasema hayo hayo kijijini kwetu Kathonzweni nilipokuwa mtoto, akaonekana mshamba.

Mimi na mdogo wangu, msichana, tulianza shule pamoja. Hakuweza kukaa. Mara ainuke, mara achungulie nje, mara amvute jirani nywele, na somo limpite lote. Lakini nyumbani, mama akimpa katani, nyuzi za mkonge, asokote pajani kamba ya kiondo, kikapu chetu cha kusuka, alitulia kabisa. Nilimsomea kitabu changu huku vidole vyake vikisokota, na kesho yake angekisema chote kwa kichwa.

Basi tulipofika darasa la tatu akaanza kwenda na katani shuleni. Mwalimu wetu aliikuta, akaitupa, akamchapa. Akaenda na nyingine, akachapwa tena. Kisha mama akaitwa.

"Mama, huyu mtoto hana akili ya shule," mwalimu alisema mbele yetu sote. "Mikono yake haitulii. Afadhali akae nyumbani achunge mbuzi."

"Mwalimu, mwachie tu hiyo katani. Mkono ikiwa na kazi, maskio yake inafunguka."

"Hapa ni shule, si soko ya viondo."

"Na kanisani je? Wamama wote wanasokota mpaka mahubiri inaisha, hata bibi yako. Pastor amewahi kusema hawasikii?"

Darasa likacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mwalimu alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kuchekwa. Akamwambia mama aondoke na mtoto wake siku hiyo hiyo. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Mwanamke mzima akisokota kanisani anasifiwa kwa bidii. Mtoto akisokota darasani ni mjinga! Nani aliwapimia akili namna hiyo?

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu alivaa sare kama kawaida. Mwalimu alimzuia mlangoni, naye akazunguka, akasimama nje ya dirisha na katani yake. Tukaulizwa saba mara sita. Sote tukaanza kuhesabu vidole, hata mimi.

"Arobaini na mbili, mwalimu," sauti yake ikasema kutoka nje.

Mwalimu aliweka chaki chini, akaenda dirishani, akalifunga, ingawa darasani kulikuwa na joto kali.