Kitenge cha Kilio cha Mama

Kwanza nilisikia kitambaa kikipasuka. Kraaa. Kimya. Kraaa tena, kwa mpangilio, kama mtu anayejua vizuri anakokwenda. Nilikuwa bado chini ya blanketi, kwa sababu asubuhi za Bunia zina baridi ambayo wageni hawaiamini mpaka walale huku. Nilipoingia sebuleni nilimkuta mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, amepiga magoti sakafuni na mkasi kando yake. Alikuwa akigawa kitenge cha buluu chenye maua meupe katika vipande vilivyo sawasawa.

"Mama mukubwa, hii yote ni ya nini?"

"Sema polepole, mutoto. Ni ya kilio, ya siku ya kuzika. Rangi hii ikiisha kwetu Ariwara, siye tutavaa rangi kumi kama watu wasio na jamaa."

"Kilio ya nani?"

Akaelekeza kidevu jikoni. Jikoni mama alikuwa anakunywa chai ya maziwa.

Ugonjwa wake ulikuwa na miaka miwili. Ulianzia kwenye vidole: akivitia katika maji baridi viligeuka vyeupe kama chaki, kisha vya zambarau. Baadaye vilivimba, ngozi ikakaza, ikang'aa, na vidole vikabaki vimejikunja nusu kama vya mtu aliyeshika kikombe kisichoonekana. Halafu ukapanda usoni, na huko ulionyesha adabu ya ajabu: ulifuta makunyanzi yote. Wanawake wa kanisani waliona wivu.

"Mama, unapakaa mafuta gani? Sura imenyooka kama ya mutoto wa shule!"

"Ni mafuta ya bure," aliwajibu mama. "Inapakaliwa kwa ndani."

Daktari aliuita sklerodermi. Alisema mwili unajigeukia wenyewe, unakaza ngozi, na ukipenda unaendelea kukaza hata vya ndani: mapafu, figo, moyo. Mama alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwuliza swali moja tu.

"Nipatie miaka, daktari. Hata kama ni mubaya, nipatie."

"Mama, miye siko nabii. Mapafu na figo zikikaa vizuri, mutu anaweza kuishi miaka mingi. Ugumu ukiingia huko haraka, inakuwa mambo ingine. Miaka ya kwanza ndiyo inaonyesha njia. Kuja kila miezi mitatu, na kila juma wakupime tansio ya damu."

Kumbe ni daktari peke yake, aliyesoma kiasi kile, asiyejua. Wengine wote mjini walijua. Mama muuza unga wa muhogo alimpa mama yangu muda mpaka mvua zianze. Mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya alikuwa mkarimu zaidi, akampa mpaka Noeli. Nami, ninayejiita mwandishi, nilikuwa nimekwisha kuandika sentensi mbili nzuri sana kuhusu kiti cha mama kilichobaki kitupu. Nilipoziandika, mama alikuwa amekikalia.

Mama mkubwa, yeye, alikuwa na ushahidi. Alikuja kutoka Ariwara kumsindikiza mama hospitali siku ya kupimwa pumzi. Daktari alimwambia mama atembee koridoni dakika sita, kwenda na kurudi. Nesi akambana kidoleni kile kimashine kinachosoma hewa katika damu. Kikawaka, kikafikiri, kikaonyesha vistari viwili. Nesi akajaribu kidole kingine: vistari. Akajaribu mkono mwingine: vistari. Kwa mujibu wa mashine, aliyekuwa anatembea koridoni hakuwa miongoni mwetu. Mama mkubwa alitoka nje na simu yake.

Aliporudi, daktari alikuwa ameshakihamishia kimashine sikioni mwa mama, na namba ilikuwa imetokea. Alieleza kwamba vidole vyake havipati damu kwa sababu ya baridi, lakini sikio linapata. Mwisho wa matembezi namba ilishuka kidogo, kisha ikatulia.

"Sikio?" alininong'oneza mama mkubwa. "Tangu lini masikio inapumua?"

Ujumbe ulikuwa umekwisha kufika Ariwara. Siku nne baadaye kitenge kilishushwa kutoka kwenye lori, kimefungwa vizuri.

Na sasa mama alisimama kwenye mlango wa jikoni, kikombe kati ya viganja viwili. Alitazama vipande sakafuni. Akavihesabu kwa macho.

"Yaya, yangu iko wapi?" alimwuliza dada yake.

"Yako nini?"

"Kikwembe yangu. Ninyi wote mutavaa, miye tu nibaki hivi hivi?"

Mama mkubwa alivipangua vipande. Kisha, kwa kuwa hakuna desturi iliyotabiri swali hilo, akampa kipande.

Fundi alimshonea gauni la mikono mipana, lisilo na kifungo hata kimoja. Jumapili mama alilivaa kanisani. Mwimbaji wa Noeli aliitambua rangi, maana kipande chake alikuwa amekwisha kukipokea.

"Mama, hii si... ya kilio?"

"Ni ya kilio yangu. Niliona nisichelewe."

Watu walicheka mpaka mchungaji akageuka. Lakini mimi nilikuwa kando ya mama aliposhuka kwenda nje. Ngazi za kanisa ni nne tu. Katika ya pili alisimama, akashika bega langu, na nikasikia pumzi yake inavyokwaruza. Mama mkubwa naye aliisikia. Alikaa palepale kwenye ngazi na sketi yake nzuri na kuanza kulia.

"Miye naogopa, unaona? Niliogopa nifike nikute imeisha, na siko tayari."

"Nani alikuambia miye niko tayari?" mama alimwambia. "Kuja unitembelee ningali naongea. Kilio itajipanga yenyewe."

Mama mkubwa aliondoka Jumatano, kwa lori la asubuhi. Majibu ya mapafu hayakuwa yamebadilika tangu mara iliyopita. Daktari aliita hiyo habari njema. Mama mkubwa aliiita mashine ingine mbovu. Mlangoni aliinua mfuko wa vipande vilivyobaki.

"Nikuachie hii? Panya ya Ariwara iko mubaya."

"Beba, Yaya. Na ukirudi, lete samaki."

Mlango wetu ni wa chuma na huwa unakwama. Nilinyoosha mkono kuufunga, kama kawaida, maana vidole vya mama havikamati kitasa tena. Alinisukuma pembeni. Akausubiri mgongo wa dada yake uvuke kizingiti, akauegemea mlango kwa kiwiko, kisha kwa nyonga, akapumzika, akausukuma tena mpaka ukajifunga.