Binti Aliyelisalimia Tangi la Maji

Mama Pacha ndiye aliyeniambia kwamba binti wa juu amerukwa na akili. Tulikuwa bombani, yeye upande ule na ndoo yake, mimi upande huu na beseni la nepi, maana siku zile tulikuwa tunateka maji kwa zamu na kusimama mbalimbali kama watu walionuniana. Barakoa yake alikuwa ameiteremsha kidevuni ili maneno yapite vizuri.

"Mama Kibonge, yule Springi kichwa kimegeuka," akasema. "Nimepanda juu ya paa kuanika mashuka, namkuta amesimama mbele ya tangi la maji. Kifua mbele, mikono juu, anatabasamu. Anatabasamu na tangi. Nikajibanza nyuma ya mashuka. Karuka, kazunguka, karudi palepale, mikono juu tena. Nakwambia analisalimia tangi."

"Labda anafanya mazoezi."

"Mazoezi na tabasamu? Wewe umewahi kuona mtu anafua huku anacheka peke yake?" Akajitwika ndoo yake. "Huo ugonjwa nasikia unapanda mpaka kichwani. Na yeye katoka nao hukohuko ng'ambo. Mimi pacha wangu nimewakataza kabisa kupanda juu."

Mama Pacha si mtu mbaya. Nilipojifungua ndiye aliyenipikia mpaka nikapata nguvu. Lakini ulimi wake haujui kukaa bure, na siku zile za kufungiwa ndani haukuwa na kazi nyingine.

Jina la Springi tulimpa sisi wa jengo hili, tangu alipoletwa kukaa kwa bibi yake, kibinti chembamba kisichojua kushuka ngazi kama watu. Bibi alipofariki, akabaki peke yake kwenye chumba kile cha juu kabisa, jirani na mlango wa kutokea kwenye paa. Kila alfajiri alitoka na begi lake kwenda ukumbini, na jioni akirudi viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa unga wa chaki wanaojipaka ili wasiteleze. Chuma cha kushikia ngazini kilibaki na alama za vidole vyake kutoka chini hadi juu. Mama Pacha alikuwa anazifuta na kulalamika kwamba jengo limegeuzwa ubao wa shule.

Watu walikuwa wakimuuliza, "Bado unacheza sarakasi?"

"Si sarakasi, ni jimnastiki."

"Tofauti yake nini?"

"Sarakasi wanapigiwa makofi. Sisi tunakatwa alama."

Mwaka ule aliondoka akiwa na matumaini kuliko miaka yote. Kulikuwa na msimu mzima wa mashindano, nchi hii na ile, na atakayekusanya alama za kutosha ndiye angechaguliwa kwenda kwenye mashindano makubwa kuliko yote. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi kwa umri huo naitwa mama kijana. Yeye katika mchezo wake alikuwa anaitwa bibi, na wenzake walikuwa wanamwachia kiti kwa utani. Alijua hakuna msimu mwingine unaomngoja.

Kisha dunia ikafungwa, naye akarudi mapema, peke yake. Kocha wake alikuwa mgeni katika nchi yetu, akapitia kwao mara moja kumwona mama yake, na mipaka ikamfungia hukohuko. Ukumbi wa mazoezi ukatiwa kufuli. Chuma cha ngazi kikawa safi. Sidhani Mama Pacha aligundua. Mimi niligundua kwa sababu nilikuwa napanda na kushuka na mtoto mgongoni bila mtu wa kuongea naye. Baba Kibonge ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa amekwama mpakani kwenye foleni isiyosogea. Mtu asiye na wa kuongea naye huanza kuangalia vitu.

Chumba changu kiko chini ya chumba chake, kwa hiyo nilikuwa namsikia. Kishindo, kimya, kishindo. Halafu kimya kirefu. Kibonge alikuwa anaacha kunyonya, anatazama dari, anangoja naye.

Siku ile nilipotoka bombani nilijiambia nakwenda kumwomba apunguze kishindo, mtoto anashtuka. Nikabeba na sahani ya chakula, ingawa hakuna mtu anayekwenda kulalamika na sahani. Alifungua mlango kidogo, jicho moja na bega.

"Usiingie, dada. Weka hapo chini."

"Si siku zako za kujitenga zimekwisha zamani?"

"Zimekwisha. Ila watu bado wananipisha ngazini kama nimebeba moto."

Nikaweka sahani chini. "Nasikia unasalimiana na tangi la maji. Halijambo?"

Akanitazama kwanza, kujua kama nimekuja kwa ubaya. Kisha akacheka kwa pua. "Halijambo. Linakusalimu sana."

Alitoka na sahani yake, akaketi ngazi ya juu kabisa, mimi nikaketi chini zaidi, Kibonge katikati ya magoti yangu. Akanieleza. Kwenye mashindano, alisema, mbele yako kuna jaji. Huanzi mpaka umesimama mbele yake, ukanyanyua mikono na kumwonyesha uso mzuri. Ukimaliza, vilevile. Ukisahau, wanakukata.

"Nimefanya hivyo tangu nina miaka saba. Sasa mwili umezoea, hauondoki bila kumsalimia mtu. Na hapa kuna nani wa kumsalimia? Nikachagua tangi. Lina tumbo kama jaji mmoja ninayemjua."

Nilimuuliza huko alikotoka ilikuwaje. Alikula tonge mbili tatu kabla ya kujibu.

Kifaa chake, alisema, ni boriti: ubao mrefu uliosimamishwa usawa wa kifua cha mtu, upana wake haufiki hata unyayo uliolazwa pembeni, na juu yake wanapiga pindu. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuingia fainali ya mashindano ya kimataifa. Safari hii akaingia, wa mwisho katika wanane, lakini ndani. Asubuhi ya fainali alibana nywele kwa vibanio mpaka macho yakavutika, akavaa vazi lake la mashindano, lile la kubana lenye mawemawe yanayong'aa, akavaa na suruali na jaketi la timu juu yake, akawa anapasha mwili moto. Akaingia bwana mmoja wa waandalizi akasema maneno katika lugha tatu. Kabla hajafika kwenye lugha ambayo Springi anaielewa, wenzake walikuwa wanalia.

"Tukaagana kwa viwiko," akasema. "Uwanja wa ndege, ndege, uwanja mwingine, mpaka hapa, vazi lile niko nalo ndani. Nikalala nalo. Nilikuwa naona nikilivua, ndiyo basi tena."

"Ukalivua lini?"

"Lilipoanza kunuka."

Tulicheka, kila mtu kwenye ngazi yake. Halafu akanirudishia sahani kwa kuiweka chini na kusogea nyuma, kama tulivyokuwa tunafanya sote.

Tangu hapo nikawa naanika nepi saa zake za mazoezi. Sikumwambia kwamba nafanya makusudi. Mwanzoni alikuwa amechora mstari wa mkaa kwenye sakafu ya paa na kutembea juu yake. Baadaye mlinzi wa ukumbi akamruhusu kuchukua boriti fupi ya mazoezi, ile inayolazwa karibu na sakafu. Mume wa Mama Pacha alimbebea ncha ya pili mpaka juu, mkewe akimfuata kwa mbali na kumwelekeza, "Usijishike uso. Nimesema usijishike uso, Baba Pacha."

Habari kubwa ilikuja kwa simu. Kocha alipiga, picha yake ikikatika vipandevipande, akasema msimu unarudi kwa mtindo mpya: kila mmoja ajirekodi alipo, mchezo mzima kwa mkupuo mmoja bila kukata, majaji wataangalia majumbani mwao. Boriti fupi inaruhusiwa. Watakaopata alama za kutosha wataitwa mashindano makubwa yatakapofanyika mwaka unaofuata. Springi alibaki ameshika simu hata baada ya picha kuzimika.

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka?" nikamuuliza.

"Ndicho. Ila kuna pindu moja limenikataa."

Nilikuwa nimeliona bila kujua ninachokiona. Michezo mingine yote alikuwa anaifanya, na kwa macho yangu ilikuwa mizuri kupita kiasi. Lakini kulikuwa na mahali ambapo alisimama mwisho wa boriti, akaipa mgongo sehemu yote iliyobaki, akanyanyua mikono. Hapo alitakiwa ajitupe nyuma, miguu ipite hewani, atue kwenye wembamba uleule bila kuona anakokwenda. Alivuta pumzi. Akashusha mikono. Akanyanyua tena. Akashusha. Nepi zangu zilikuwa zinakauka, yeye amesimama.

"Kocha anasema liache, weka rahisi," alinieleza. "Nikiweka rahisi alama hazifiki. Sakafuni nalipiga vizuri. Nikipanda tu pale, mwili unagoma. Nimeusihi, nimeutukana, haunisikii."

"Lakini boriti yenyewe iko chini. Ukianguka si unaangukia goti tu?"

"Najua, dada. Hofu haijui."

Siku ya mwisho ya kutuma ikafika. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha, Kibonge mgongoni, simu mikononi, nimeambiwa nisitikisike hata mtoto akinivuta sikio. Asubuhi ileile Baba Kibonge alikuwa amenipigia kutoka mpakani. Mama Pacha alishampelekea habari. "Mpigie picha ukitaka," mume wangu aliniambia, "lakini kaa naye mbali. Una mtoto. Mimi niko huku, ukiugua nani atawashika?" Nilimwambia sawa. Hakuwa na kosa. Alikuwa anaogopa kama sisi.

Springi alikuwa amebana nywele na kuvaa lile vazi lake, limefuliwa. Juani mawemawe yake yalikuwa yanaumiza macho. Nikasema nipo tayari. Akaikabili simu, akanyanyua mikono, akaonyesha uso mzuri, akapanda. Nilimfuata kwa simu kama nilivyofundishwa. Alizunguka kwa kidole kimoja cha mguu, akaruka, akatua bila sauti. Akafika mahali pale. Akaipa mgongo boriti, mikono juu. Mikono ikashuka, akaweka hatua ya kawaida, kitu ambacho hata mtoto anaweza, akaendelea mpaka mwisho, akaruka chini, akageuka kusalimia.

Akanigeuzia mgongo. Amelikabili tangi la maji, kifua mbele, mikono juu, tabasamu lote limekwenda kwa tangi, na mimi nimerekodi kisogo.

Kutoka nyuma ya mashuka sauti ya Mama Pacha ikasema, "Si niliwaambia?"

Springi aligeuka, akaniona nimeshika simu, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa kwenye boriti. Mama Pacha akatokeza kichwa, naye anacheka, na mimi nacheka huku Kibonge anarukaruka mgongoni. Sijui mara ya mwisho ni lini watu wanne walikuwa wamecheka pamoja kwenye jengo lile.

Kicheko kikaisha, lakini yeye hakuinuka. Aliinamisha kichwa, akawa anasugua viganja vyake vyeupe kimoja kwa kingine.

"Turudie tu," nikamwambia. "Jua bado lipo. Safari hii nikumbuke mimi, si tangi."

"Hata ningekukumbuka, isingetosha. Umeona mwenyewe. Unajua pindu lile kila siku nilikuwa naanzaje? La kwanza la siku, kocha anasimama pembeni, ananiwekea mkono mgongoni. Hanibebi. Nikishakwenda nyuma mara moja, anatoa mkono, na yote yanayofuata nakwenda mwenyewe. Kila siku, miaka yote hiyo. Ukumbini unaguswa kutwa. Huyu anakunyoosha bega, yule anakusukuma mguu, hata huoni kama ni kitu." Akaangalia viganja. "Tangu tuagane kwa viwiko hakuna mtu aliyenigusa. Hata mara moja. Mwenye duka ananiwekea chenji juu ya meza."

Mimi mume wangu hayupo, lakini nina mkono mdogo unaonishika shingo kutwa nzima. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu juu ya dari yangu ambaye hana hata huo. Mama Pacha alikuwa kimya, shuka limemfunika bega, na kwa Mama Pacha kimya ni kitu cha kutazama.

"Nilikuwa nataka kukuomba tangu wiki iliyopita," Springi akasema. "Nikawa naogopa, kwa ajili ya mtoto. Hata sasa ukikataa sitakuwa na kinyongo, nitatuma hivyohivyo ilivyo."

Aliinuka, akapanda boriti, akaenda mpaka ile ncha, akageuka na kunipa mgongo.

"Dada, mpe Mama Pacha mtoto na simu. Kanawe mikono, halafu uje usimame hapa, uniwekee kiganja kimoja mgongoni. Usinisukume, usinibebe. Mara moja tu, mwili ujue kuna mtu."