Aliyeshika Tochi

Kitheka alikuwa fundi wa magari mjini Machakos, na kama ungetaka kumfurahisha hukuhitaji kumsifu sana. Ungemwuliza tu habari za ile injini. Angeweka spana chini, angejifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, na mwenye gari lililokuwa likisubiri angejua kwamba leo atarudi nyumbani kwa miguu.

Injini hiyo aliifungua mwaka wa tisini na moja, alipokuwa bado ameajiriwa katika yadi moja nyuma ya soko la Marikiti. Mhandisi mmoja wa barabara alileta gari dogo la Kijapani lililokataa kuwaka. Mafundi watatu walikwisha kulitazama na kufunga boneti kimya kimya, kwa sababu injini haikuwa na pistoni hata moja. Ndani yake mlikuwa na chuma cha pembe tatu, kinaitwa rota, ambacho huzunguka ndani ya chumba kilichobanwa kiunoni kama kibuyu. Kitheka aliitandaza juu ya gunia, akakaa nayo wiki tatu, na ilipowaka yadi nzima ilitoka kusikiliza. Haikunguruma kama injini nyingine, ililia. Mhandisi alimwachia rota moja iliyochakaa, naye akaiweka kwenye dirisha la sebule, pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Mkewe alinuna mwezi mmoja, kisha akazoea.

Wiki zote hizo tatu palikuwa na mtu wa pili chini ya gari lile, kijana mwenzake wa yadini aliyeitwa Umar. Lakini Umar alishika tochi. Kitheka hakuchoka kulieleza jambo hilo kwa yeyote aliyetaka kusikia na kwa wengi ambao hawakutaka: kazi ya Umar ilikuwa tochi tu.

Sasa tazama mambo. Mwaka wa elfu mbili na tatu ulimkuta Kitheka bado amelala chali chini ya pikapu za njia ya Tala, matope yakimdondokea sikioni, na Umar je? Umar alikwisha kuacha spana zamani. Alikuwa na duka lenye televisheni mbili ambapo watu wazima walilipa kucheza michezo ya pleistesheni, na nyuma yake kompyuta iliyounganishwa na mtandao. Alivaa shati jeupe siku sita za wiki na kanzu nyeupe zaidi siku ya Ijumaa. Watu walimwamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Hata Mama Mutheu, mke wa Kitheka, alisema siku moja mezani kwamba Umar ni mtu nadhifu, na chakula hicho Kitheka hakukimaliza.

Alimwonea wivu, tusizungukezunguke. Na kama ilivyo kwa wenye wivu, hakuweza kukaa mbali naye. Kila Jumamosi baada ya kazi alikwenda dukani kwa Umar, akakaa kwenye benchi, akatafuta kasoro.

"Hii mchezo yenu ni bure," alisema Jumamosi moja, watu wawili wakishindana kwenye skrini. "Magari mia na kitu, na hakuna hata moja ya mashindano iko na rotary, injini ya rota kama ile yangu."

"Kwani iliwahi kutengenezwa?" Umar aliuliza.

Kitheka aliwahi kuona picha yake katika gazeti kuukuu la magari. Lilikuwa gari la majaribio la kiwanda kidogo cha Japani, jeupe, bapa, lenye rota tatu. Lilikimbia mashindano mawili tu, kisha likafunikwa turubai na kusahauliwa. Alieleza mchana wote. Umar aliuliza maswali, akayaandika majibu nyuma ya kalenda. Kitheka alifurahi siku ile kuliko alivyotaka kuonyesha.

Miezi miwili baadaye Nzioka, fundi wa pancha wa jirani, alikuja gereji na habari.

"Umar amekuwa mtu mkubwa bana. Watengenezaji wa ile gemu wameuliza watu kwa intaneti wanataka gari gani iongezwe, na yeye amewaambia waweke ile ya pembe tatu. Watu wa Japani, watu wa Finland, wote wanapigia yeye kura! Ikishinda, jina itaandikwa kwa mchezo, hapo mwisho, dunia yote isome."

"Jina ya nani?"

"Ya nani tena? Si ni yeye aliandika?"

Kitheka aliinama juu ya injini iliyokuwa mbele yake, asiione. Umar angepata ng'ombe wa kumpa maziwa debe, sawa. Nyumba ya Umar ingeota ghorofa, sawa. Lakini rota! Kitu kimoja tu ambacho Kitheka alikuwa nacho na Umar hana, na sasa Umar alikuwa amekibeba mchana kweupe, katika kalenda. Moyo ulimuuma kama jino.

Mchana uleule aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika katika daftari la hesabu la binti yake Mutheu. Siku hizo mtandao ulilipiwa kwa dakika, kwa hiyo hakuna aliyekwenda saiba, duka la kompyuta za mtandao, kufikiri. Uliandika nyumbani, ukampa karatasi mhudumu, akaichapa kwa Kiingereza safi, akaituma, ukaenda zako. Kitheka hakwenda kwa Umar, bila shaka. Alikwenda saiba nyingine ya mjini, kwa msichana aliyeitwa Swabra.

"Baba Mutheu, nimepata hiyo mahali," Swabra alisema baada ya kungoja sana ukurasa ufunguke. "Iko na kurasa kumi na mbili. Nifungue ya kwanza usome vile Umar alisema?"

"Ya nini? Najua alisema nini. Dakika zinaenda. Weka yangu hapo mwisho."

"Na jina?"

Alifikiri kidogo. "Andika Mkweli."

Na alichoandika kilikuwa kweli, hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Alisema Umar hajawahi kufungua injini ya namna ile. Alieleza jinsi vizibo vya kwenye pembe za rota vinavyoliwa upesi, jinsi inavyokunywa oili, jinsi joto linavyoipinda. Alisema gari lile liliachwa kwa sababu lilistahili kuachwa. Aliisema injini yake vibaya kama mtu amsemavyo ndugu anayemjua vizuri.

Wale watu wa mbali waliona kwamba huyu Mkweli anajua. Wakaanza kuhamisha kura. Siku tatu baadaye Nzioka alileta habari kwamba gari la Umar limeshuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nne, na jioni hiyo Kitheka alikula sahani mbili.

Jumanne Umar mwenyewe alikuja gereji. Alikaa juu ya tairi kuukuu na shati lake jeupe, bila hata kulipangusa, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Nilikuwa nataka ujue ikishinda," alisema. "Lakini imeharibika. Soma kwanza vile niliandika."

Kilikuwa Kiingereza cha shule, na Kitheka alikisoma polepole. *Ninaandika kwa niaba ya fundi Kitheka wa Machakos, Kenya, ambaye aliifungua injini hii kwa mikono yake bila kitabu cha kumwongoza. Yote mnayosoma hapa nimeyapata kwake. Mkiliweka gari hili, tafadhali andikeni jina lake, si langu. Mimi nilishika tochi tu.*

Aliisoma tena. Masikio yalimwaka moto.

"Sasa kuna mtu anajiita Mkweli ametuharibia," Umar alisema. "Wewe peke yako ndio unaweza kumjibu. Kura inafungwa Ijumaa."

Kitheka alisema ataandika. Jumatano aliandika, akararua. Alhamisi aliandika jibu zuri, kwamba ubovu wote ule ni kweli na kwamba ndiyo sababu injini ile inastahili mtu mvumilivu, na kwamba aliyesema mabaya ni yeye mwenyewe, Kitheka, kwa wivu. Ijumaa mchana alilitia mfukoni akaelekea kwa Swabra. Lakini njiani alimwona Umar akitoka msikitini, kanzu ikimeta, watu sita wamemzunguka wakicheka kwa alichosema. Kitheka akasimama. Kwamba hata jina lake mwenyewe lifikishwe duniani na mtu huyu! Kwamba amshukuru! Akageuka, akarudi kwenye pikapu zake. Kesho, alijiambia, kana kwamba hakujua siku.

Jumamosi Swabra alifungua ukurasa, akatikisa kichwa. "Wamefunga. Haikubali kuandika tena. Imeshindwa na kura kumi na moja."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Ya mwisho ni ile yako."

Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Umar kabla hajapata nafasi ya kubadili nia. Wachezaji walikuwa wawili tu. Alisimama mbele ya meza, akaweka jibu lake juu yake.

"Yule Mkweli ni mimi," alisema.

"Najua," Umar akasema. "Nani mwingine hapa Machakos anaweza kuandika habari ya hizo vizibo namna hiyo? Nilijua kabla nikuje kwako."

"Na hukusema?"

"Nilidhani utaitengeneza. Wewe ndio fundi." Umar alisogea, akampangusia nafasi kwenye benchi kwa kiganja chake. "Kaa. Chai inakuja."

Kitheka alikaa. Alikuwa amekuja tayari kwa matusi, hata kwa ngumi, na angezipokea vizuri. Alimtazama Umar akimimina chai, kikombe cha mgeni kwanza, bila kinyongo chochote, na akahisi ule moto wa zamani ukipanda tena kifuani. Alimwonea wivu hata kwa hilo.