Chai Haihesabiwi
Juzi, nikimngoja mume wangu katika hospitali moja hapa Nakuru, niliketi karibu na mama mkulima kutoka Kabazi. Mishipa ya damu tumboni mwake ilikuwa ikivuja, na kila alipoongezewa damu, ilipungua tena. Siku hiyo daktari angepitisha mpira mwembamba mdomoni mwake na kuichoma mishipa hiyo bila kumpasua.

"Hujakula, mama?" daktari akauliza.

"Sijakula. Nimekunywa chai tu."

"Ya maziwa?"

"Sasa daktari, nitatoka kwangu bila chai?"

Tumbo lilipaswa kuwa tupu, na nilijua atamrudisha Kabazi akaendelee kuvuja. Daktari akavua glavu polepole. "Basi utakuwa wa mwisho. Nitakungoja."

Mume wangu alimaliza kutibiwa, nikakataa kuondoka. Daktari alingoja kweli, mpaka mfagiaji akatuambia tuinue miguu. Jioni mama alitoka ameshikilia ukuta.

"Tumeichoma yote tuliyoiona," daktari akamwambia. "Utarudi tuangalie tena."

"Asante. Na chai?"

"Ganzi ya koo ikiisha, kunywa. Lakini ipoe kwanza."

Nimelea watoto, najua kumfokea mtu ni kazi nyepesi kuliko kumngoja.