Maswali Yaliyokwama

Shufaa Ramadhan aliacha kilimo cha mwani mgongo ulipomkataa. Akiwa na miaka thelathini na tisa akaenda kusomea kompyuta, darasa moja na wasichana ambao angeweza kuwazaa. Alipohitimu alianza kufundisha kisomo cha watu wazima Bagamoyo mjini, na kwa ajili yao akatunga programu ndogo: inauliza swali, mwanafunzi anaandika jibu, inauliza jingine. Alipoijaribu kwenye dirisha jeusi la kompyuta, lile la kuandikia amri, ilikwenda bila tatizo.

Wanafunzi wake wengi macho yamepungua nguvu, basi fundi Azzan akawawekea dirisha la herufi kubwa, programu ikawa inaendeshwa humo. Wa kwanza kuketi alikuwa Bi Batuli, mjane kutoka Fukayosi. Skrini tupu. Akangoja. Akangoja tena. Mwishowe akabonyeza bonyeza, na maswali yote kumi yakamwagika kwa mpigo.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hii inauliza ikishajibiwa. Au haitaki kusema na mimi?"

Neno hilo lilimchoma Shufaa. Alijua kwamba baba yake Bi Batuli alimwachisha shule akiwa darasa la pili.

"Mashine imechoka, Bi Shufaa," Azzan akasema.

"Ingekuwa imechoka ingechelewa kote. Mbona kwenye dirisha jeusi inauliza papo hapo?"

Shufaa akaapa moyoni kwamba hatamrudisha mama yule mbele ya skrini tupu.

Kesho yake, kabla ya darasa, aliiamuru programu iandike swali moja mara elfu, ikipumzika kidogo kila baada ya mstari. Kwenye dirisha jeusi mistari ilitoka mmoja mmoja. Kwenye herufi kubwa, kimya. Kisha likatoka fungu zima. Kisha kimya tena.

Hapo akaelewa. Programu ilikuwa ikiuliza kwa wakati wake, ila maneno yalilimbikizwa mahali yakisubiri pajae. Kwenye dirisha jeusi ilijua kuna mtu anayesoma. Kwenye dirisha la Azzan ilidhani inaipelekea programu nyingine maneno, ikaona hakuna haraka.

Akaweka amri ya kumwaga papo hapo yaliyolimbikizwa, fflush, baada ya swali la kwanza. Likatokea. La pili likakwama. Shufaa akacheka peke yake, akaipachika chini ya kila swali, yote kumi, akayapitia moja moja.

Alasiri Bi Batuli akaketi. "Jina lako nani?" likaja kabla hajagusa kitu. Akalisoma silabi kwa silabi, kisha akaandika jina lake kwa kidole kimoja.

Swali la tatu alikosea.

"Nirudie," akaiambia skrini, na wala hakugeuka kumtazama mwalimu.